Mama Mdogo na Masomo Yangu ya Kompyuta

Kazi yangu ni kutunga masomo ya programu za kompyuta kwa watu ambao hawajawahi kuzigusa. Nilikuwa nikijigamba kwamba hata jiwe ningelifundisha. Basi hospitali anakofanya kazi mama mdogo ikaleta programu mpya ya stoo, na masomo nikapewa mimi niyaandae. Mama mdogo ametunza mashuka ya wodi zote miaka ishirini na miwili, hajapoteza hata foronya. Mkuu wa stoo akatangaza kuwa atakayefeli jaribio la Ijumaa atahamishiwa getini. Getini watu husimama kutwa, na magoti ya mama mdogo yalishachoka zamani.

Jumatatu nikamketisha mbele ya somo la kwanza. Lilikuwa na makaribisho, historia ya programu, faida zake tisa, na picha yangu nikitabasamu. Alisinzia kwenye faida ya nne. Mazoezi yenyewe yalihusu "Bidhaa A" na "Bidhaa B", na kila alipokosea nilimnyang'anya kipanya.

"Subiri, mama, nikuonyeshe."

Nilimwonyesha Jumatatu, nikamwonyesha Jumanne, Jumatano nikaonyesha mpaka mkono ukaniuma. Kwa kweli mimi nilikuwa nimeiva kabisa kwa jaribio.

"Mwanangu," akasema, "siku tatu hizi nimejifunza mkono wako tu. Kumbe una kovu hapo."

"Lakini mama, si nimeeleza kila kitu?"

"Umeeleza, nani kakataa? Kesho ukae kule dirishani. Na hiyo mikono uikalie."

Nikafuta kurasa thelathini, picha yangu ikiwemo, roho ikiniuma. Alhamisi somo lilikuwa na mstari mmoja: "Wodi ya wazazi inataka mashuka kumi na mawili. Yatoe."

Akatoa mia moja na ishirini. Nikauma ulimi.

"He! Mbona stoo imebaki tupu? Wamejifungua wangapi leo?" Akacheka peke yake, akabonyeza huku, akabonyeza kule, akayarudisha yote, kisha akatoa kumi na mawili. Mimi mikono imeshakufa ganzi.

Ijumaa alimaliza wa pili.

"Hongera, mama," mkuu wa stoo akamwambia. "Nani kakufundisha?"

Nilikuwa mlangoni, nimeshaandaa uso wa unyenyekevu.

"Anifundishe nani? Nimejifunza mwenyewe."

Iliniuma, sifichi. Nilishafika nyumbani ndipo nikatambua kwamba kwa miaka sita ya kazi hii, hakuna mwanafunzi wangu mwingine aliyewahi kuwa na haki ya kusema hivyo.