Kitani cha Bawa Kiunoni mwa Waridi

Mwinyimvua alikuwa fundi cherehani wa Kariakoo, barazani pa duka la Mwarabu Hamud, miaka ile ya hamsini mwanzoni. Msije mkadhani aliishi kwa kushona kanzu. Kanzu zilikuwa zimekwisha kumtoka mkononi: macho yalififia, vijana wakamzidi mbio, na mteja hangoji mtu. Kilichombakiza mjini kilikuwa mabawa.

Ndiyo, jamani, mabawa ya ndege. Nje ya mji palikuwa na kiwanja cha ndege ndogo, zile za kuchukua watu wawili watatu, na mabawa yake yalikuwa mbao zilizovikwa kitani. Kitani hicho kilishonwa kwa mkono. Mwinyimvua alikaa upande huu wa bawa, Hasmukh, fundi wa ndege, akakaa upande wa pili, na sindano ndefu ikapita kwenda na kurudi baina yao kutwa nzima. Jioni shingo haikugeuka.

"Fundi Mabawa!" Hamud alizoea kumtania. "Lini na wewe utaruka?"

"Nikishapumzika, Hamud. Nikishapumzika."

Sasa, hakuna fundi wa Kariakoo asiyejua kwamba kitambaa kinachobaki ni cha fundi. Mteja mwenyewe haulizi. Vipande vya kitani vilipobaki, Mwinyimvua alivikunja akaja navyo nyumbani, bila kuficha na bila kuomba. Mkewe Waridi alikuwa na kiuno kibovu tangu uzazi wa mwisho. Akamshonea mkanda mpana wa kujifunga, na kwa kuwa kitani kile hakinyumbuki, Waridi akaweza tena kusimama mbele ya karai lake la maandazi.

Mpaka siku Hasmukh alipofungua kabati la vitambaa kule kiwanjani.

"Fundi, vipande viko wapi? Ndege imechanika mkiani, na kitani kipya bado kiko melini."

"Vile vilivyobaki? Si nilivichukua."

"Ulivichukua?"

"Kinachobaki si cha fundi, Bwana Hasmukh?"

Hasmukh akajishika kichwa. "Cha suruali, sawa! Hapa hata kikiwa kama kiganja ni mali ya kiwanja. Bwana mkubwa wa kiwanja keshasema, kesho kisipoonekana nitafute fundi mwingine."

Mwinyimvua alirudi nyumbani bila hasira hata chembe. Hasira nayo inataka nguvu. Akamweleza mkewe yote, ameinamia viatu vyake.

"Basi kichukue, Baba Mwanamize," Waridi akasema.

"Na wewe?"

"Mimi ukuta ninao." Akaufungua mkanda mwenyewe, mkono mmoja ukutani.

Kesho yake Mwinyimvua aliufumua pale kiwanjani, akakitandaza kitambaa mezani. Hasmukh akainama, akanusa.

"Hii nini?"

"Mafuta ya nazi na karafuu. Namkanda mke wangu kiuno kila usiku."

Hasmukh alikaa kitako taratibu. "Dawa ya kukazia kitambaa haishiki penye mafuta, fundi. Hiki hakifai tena."

Mwinyimvua alikuwa anamfikiria Waridi na ule ukuta.

"Mama yangu naye hujifunga kanga kuukuu kiunoni," Hasmukh akasema mwishowe. "Humteleza, akatukana." Akakikunja kitani, akamrudishia. "Bwana mkubwa nitamwambia kimeonekana, kina mafuta, nimekikataa. Ndege itangoja meli. Na fundi mwingine wa kukaa naye kutwa bila kugombana nitamtoa wapi? Lakini toka leo, hata uzi ukibaki unalala humu kabatini."

"Umesema, Bwana Hasmukh."

Nyumbani Mwinyimvua alimkuta Waridi amekaa chini, karai limepoa, unga umeumuka hadi ukamwagika. Akakaa kando yake, akatunga sindano mara ya tatu ndipo uzi ulipoingia, akaushona mkanda upya. Kisha akapiga magoti, nayo yakalia, akamzungushia.

"Kazi ipo?" Waridi akauliza.

"Ipo. Kesho alfajiri."

Waridi akashusha pumzi. Haikujulikana ni ya shukrani au ya kumwonea huruma.

"Basi kaza," akasema. "Hapo bado, mume wangu. Kaza."