Zumaridi ya Bibi na Mikorosho ya Chiungutwa

Siwezi kukaa kitako tangu mchana, acheni niwasimulie.

Bibi yangu ana jiwe la kijani. Miaka yote anasema aliliokota shambani kwetu Chiungutwa. Basi leo baba mdogo alishanoa shoka, ang'oe mikorosho tuchimbe mawe mengine.

Nikamsihi angoje. Kuna Mzungu wa serikali anayepima mawe, amefikia bomani Masasi. Nikamleta nyumbani.

Nilidhani atalivunja. Hata kulikwaruza hakulikwaruza. Alilielekeza kwenye jua la dirishani, akalitazama kwa kibomba kidogo kinachochambua rangi za mwanga.

"Ni zumaridi ya kweli," akasema. "Mwanga ukipita humu, wekundu wake unakatwa na mistari myeusi."

Baba mdogo akashika shoka.

"Ila haikutoka huku," Mzungu akaendelea. " Ardhi yenu ni mchanga, haizai zumaridi. Hii imeletwa na mtu kutoka mbali."

Sote tukamgeukia bibi.

Yeye alimtazama babu tu. "Baba Daudi, nilisema ni la shambani ili usiniulize nani alinipa."

Babu akajibu polepole, "Nilijua, Mama Daudi. Shamba lile nalilima mwenyewe."

Mgeni kaaga. Baba mdogo kaondoka na shoka lake, mikorosho imepona. Wazee wamejifungia ndani, nami nafagia uwanja ambao nimeshaufagia, sikio mlangoni.

Sisikii ugomvi. Sisikii kitu.

Ninyi mngefanyaje? Niingie na chai, au niwaache?