Mtihani wa Wapangaji Wanne

Kwa miaka thelathini na miwili wanafunzi walimwita Geuka Mbele. Ndilo agizo alilolitoa mara nyingi kuliko alivyotaja jina la mtoto yeyote. Wasimamizi wengine wa mitihani hukaa kwenye kiti na kusinzia kwa heshima zote. Yeye alivaa raba akapita nyuma ya madawati kimya kama deni. Alishamkamata mtoto aliyeandika majibu kwenye unyayo, na mwingine aliyekohoa kwa mpango, mara moja A, mara mbili B. Huyo wa kukohoa alimpeleka kwanza kwa daktari, asije akamwonea. Daktari aliposema mapafu ni mazima, yeye akamfukuza chumba cha mtihani.

Alipostaafu alipewa mafao yake kwa mkupuo mmoja. Pesa ya namna hiyo haiji mara mbili, na kila ndugu aliyekuwa hajampigia simu tangu enzi za simu za mezani alikumbuka ghafla jinsi anavyompenda. Yeye alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya kupangisha, karibu na shule. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Popote penye shule hapakosi mtu wa kutafuta chumba.

Dalali akampatia. Nyumba ya vyumba vitano, ua wa saruji, bomba katikati, ukuta mmoja unapakana na shule ya msingi. Akataja bei.

Geuka Mbele akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Rudia."

Dalali akarudia. Bei haikubadilika, na hapo ndipo mashaka yalipoanza.

"Hiyo ni bei ya banda la kuku," alimwambia mdogo wake jioni hiyo.

"Dada, si ushukuru?"

"Nimshukuru nani? Mtu hapunguzi bei hivyo bila kuficha kitu."

"Labda mwenye nyumba ana shida zake."

"Shida zake nisizinunue mimi."

Kwa siku nne alikwenda pale kila asubuhi bila kumwambia mtu. Alipima nyufa kwa rula. Alimwaga ndoo ya maji uani aone yanaelekea wapi. Alisimama nje ya ukuta wa shule akasikiliza kelele za mapumziko, akaziona ni za kawaida, na kwa sababu zilikuwa za kawaida akazishuku. Mwenye nyumba, mzee mpole aliyekuwa anahamia kwa binti yake, alipoulizwa kwa nini bei iko chini alisema tu, "Wateja sita wamekuja, mwanangu, na wote sita wamekimbia. Kila akikimbia mmoja, napunguza."

"Wamekimbia nini?"

"Hawasemi. Wanaongea na wapangaji, halafu hawarudi."

Dalali akaangalia saa yake. Geuka Mbele akamwona akiangalia, akaliweka hilo akilini.

Jumamosi akarudi na madaftari manne mapya na kalamu nne. Wapangaji walikuwa wanne: muuguzi, fundi viatu, muuza madaftari wa mbele ya shule, na kinyozi. Chumba cha tano mzee alikifanya stoo. Akawaambia kwamba yeye huenda akawa mwenye nyumba wao, na kabla ya hapo ana maswali machache, kwa maandishi. Kila mtu chumbani kwake, mlango wazi, dakika arobaini.

"Mama, mimi nimetoka zamu ya usiku," muuguzi akasema.

"Basi andika kwa ufupi."

"Na asiyejua kuandika vizuri?" akauliza fundi viatu.

"Sisahihishi mwandiko. Anza."

Muuza madaftari aliligeuza daftari lake akasoma jalada, akanung'unika kwamba kwake angelipata kwa bei nafuu zaidi. Kisha ua ukanyamaza. Geuka Mbele akatembea mlango hadi mlango, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu mgongo haukumuuma. Dalali alitaka kuongea na simu. Akatolewa nje ya geti.

Swali la tatu lilisema: Taja kasoro za nyumba hii.

Alisahihisha palepale, amekaa juu ya ndoo. Muuguzi: maji yana chumvi, paa la chumba cha sita linavuja, ukuta wa upande wa shule utaanguka. Fundi viatu: maji yana chumvi, paa la chumba cha sita linavuja, ukuta utaanguka. Muuza madaftari hivyohivyo. Kinyozi hivyohivyo, ila yeye alipigia mstari neno "utaanguka".

Akanywa maji ya bombani. Hayakuwa na chumvi. Akaangalia milango. Akahesabu tena, kwa kidole.

Watu wanne wakijibu sawa na kupata, huwezi kuwagusa. Wakikosa sawa, tena kwa mpangilio uleule, hao wana bwana wao mmoja. Hilo alilijua kama anavyojua kuvaa viatu.

Akawaita wote uani.

"Nani anajua chumba cha sita kiko wapi?"

Fundi viatu akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Wewe," akamwambia, "umeandika kinavuja."

"Mimi mwenyewe niliona ajabu, mwalimu. Lakini kati yetu aliyesoma ni kinyozi."

"Choo nacho kina mlango," kinyozi akasema taratibu. "Mimi nilikihesabu."

Geuka Mbele akamtazama usoni. Hakumtambua. Akazungusha kidole hewani.

"Hebu geuka nyuma."

Kinyozi akageuka. Miaka yote ile yeye hakuwa mtu wa kukariri sura, alikariri visogo.

"Nakijua hicho kisogo. Safu ya tatu, dirishani. Karatasi kwenye soksi."

"Shikamoo, mwalimu," kinyozi akasema akiwa bado amegeuka.

"Marahaba. Kwa hiyo wateja sita wote umewafukuza wewe."

"Tumefukuza sote," muuguzi akasema. "Mzee hajapandisha kodi miaka tisa. Mwenye nyumba mpya atapandisha. Mimi nikihama hapa, nitapata wapi chumba cha kutembea kwa miguu hadi kazini?"

"Na wewe ndiye tuliyekuogopa zaidi," kinyozi akaongeza. "Niliwaambia nakujua."

Akampa kinyozi daftari tena, akamkalisha peke yake kwenye ngazi. Swali la tatu, upya. Kinyozi aliandika muda mrefu, ameshika ulimi kati ya meno. Alipomaliza kulikuwa na mistari miwili: kelele za mapumziko, na kitasa cha geti kinakwama mvua ikinyesha. Geuka Mbele akaenda kukijaribu kitasa. Kilikwama hata bila mvua.

Jumatatu akanunua. Alimwomba mwanasheria aandike kwamba kodi haitapanda mwaka mzima. Dalali akacheka, akasema huo si utaratibu wa biashara, na kwa kicheko hicho akajikosesha mwenyewe zawadi aliyokuwa anaitarajia.

Nakala akaipeleka uani kwa mkono wake.

"Mwaka mmoja," muuguzi akasema. "Halafu?"

"Halafu tutakaa tuongee."

Hakuna aliyeshangilia. Fundi viatu aliuliza kama kuna ukurasa mwingine. Muuza madaftari alitaka kujua kwa nini muhuri ni wa bluu. Kinyozi aliichukua karatasi, akaisoma mwanzo hadi mwisho, akarudia, kisha akaiinua juani aone kama kuna kilichofutwa.

Geuka Mbele alimsubiri hadi alipoiteremsha.

"Umeridhika?"

"Bado."

"Vizuri," akasema, akampa kalamu asaini kama shahidi.