Ulimi wa Anyesi

Nilipokuwa mtoto, huko vilimani juu ya Mlowo, niliamini misukule kama nilivyoamini kwamba mvua hunyesha. Aliyenieleza ni bibi yangu mzaa baba, na bibi hakuwahi kunidanganya. Alisema wachawi humchukua mtu, ndugu wakazika gogo la mgomba wakidhani ni yeye, kumbe yuko mahali analimishwa mashamba ya watu.

"Utamjuaje, bibi?"

"Hasemi, mjukuu wangu. Wamemkata ulimi asimtaje aliyemchukua. Na chakula chake ni pumba."

Tulipokuwa darasa la nne akaletwa Anyesi. Alitoka upande wa Itumba. Mama yake alikuwa amefariki, akaja kukaa kwa shangazi yake kijijini kwetu. Mwezi mzima hakufungua mdomo. Mwalimu akimwuliza swali, anasimama, anatazama sakafu. Akichapwa, halii. Ikasemekana hata kwenye mazishi ya mama yake hakutoa chozi. Ulitaka ushahidi gani tena?

Gidioni, kiranja wetu, ndiye aliyelitamka. "Huyu msukule. Wewe mtoto wa mashine, lete pumba tumpime."

Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga, kwa hiyo pumba kwetu hazikuwa kitu cha kutafuta. Sikusita. Nalisema hili wazi kwa sababu nimesoma kumbukumbu nyingi ambamo mwandishi alikuwa mwema tangu tumboni mwa mama yake. Mimi sikuwa. Nilijaza mfuko wa nailoni, nikaufunga vizuri.

Saa ya uji wakazimimina kwenye kikombe chake. Anyesi akakitazama kikombe, akatutazama mmoja mmoja, kisha akanywa mpaka chini.

"Kanywa! Kanywa!" Uwanja mzima ulipiga yowe. Wawili wakamshika mikono.

"Mfungue mdomo," Gidioni akaniambia. "Au unaogopa?"

Mimi ukishaniambia naogopa, umemaliza. Nikamfungua kwa vidole vyangu.

Ulimi ulikuwepo. Mzima, wa moto, unatetemeka, na pumba zimeganda juu yake. Angeweza kuniuma, na hakuniuma. Machozi yakamtoka yakanidondokea mkononi, yeye tuliyeambiwa halii.

"Upo," nikasema.

"Nini kipo?"

"Ulimi. Upo kama wako. Njoo uone mwenyewe."

Hakuja. Alirudi nyuma. "Umegusa mate yake! Na wewe tayari! Jamani, msimkaribie!"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na sitawadanganya kwamba ilikuwa huruma. Nilikuwa nimesema nilichokiona kwa macho yangu, wakachagua kutoniamini. Wenzangu wa dawatini wakahama. Nami nikabeba madaftari yangu nikaenda kukaa na Anyesi. Urafiki wetu ulianza kwa ukaidi. Mimi naongea, yeye anachora kwa penseli pembeni mwa daftari langu: kuku, nyumba, na mwanamke mmoja, yuleyule kila siku.

Kabla wiki haijaisha wazazi wakaitana shuleni. Walitaka Anyesi aondolewe, apelekwe kwa mganga akarudishiwe ulimi, asije akawaharibia watoto. Kupitia dirisha nilimwona shangazi yake, mama mpole mwenye watoto sita, anaitikia kwa kichwa. Nikaingia.

"Shikamooni. Pumba nilileta mimi. Mdomo nilimfungua mimi. Ulimi anao."

"Nani kakuita wewe mtoto?" baba yake Gidioni akauliza.

"Hakuna. Ila mwenye shaka amfungue yeye, hapa hapa, wote tukiona."

Hakusogea mtu. Wazee wa kanisa walikuwepo, akina mama wa kwaya walikuwepo, wote wakawa wanatazama viatu vyao. Mwalimu mkuu akasema mtoto atabaki shuleni. Kisha akanichapa fimbo nne: mbili za pumba, mbili za kuingia bila hodi. Nilistahili mbili.

Anyesi alianza kusema msimu wa kahawa. Tulikuwa tunachuma kwenye shamba la shule, yeye upande mmoja wa mstari, mimi upande wa pili.

"Umeruka tawi."

Sauti nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. Nilipaswa kushangaa. Badala yake nikajibu, "Sijaruka!"

"Umeruka. Hilo hapo chini."

Tulibishana mpaka ndoo ikajaa. Siku ya tatu nikamwuliza yule mwanamke wa kwenye daftari ni nani. Akasema ni mama yake, aliitwa Tumaini, na alijua kucheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Kijiji kizima hakikuwahi kumwuliza hilo.

Bibi alikufa akiamini misukule, nami simcheki. Ila sasa naona neno lile lilivyotufaa: mtu aliyekwisha kuchukuliwa huna haja ya kumwuliza analalaje. Shule niliacha darasa la saba. Mengine nimejisomea kwenye vitabu vya mitumba hapa Tunduma, nikakuta wasomi wanayo majina yao ya hali kama ile ya Anyesi: sonona, kiwewe. Majina mazuri. Lakini nimeshaona watu wakiyatumia vilevile, wanambandika mtoto jina, wanaondoka zao.

Na wanaonisifu kwamba nilimtetea Anyesi huwa nawakatiza. Mara ya kwanza mtoto yule kulia mbele ya watu tangu azikwe mama yake, aliyemliza ni mimi. Hilo silifuti, wala sitaki mtu anifutie.