Bastola ya Mtu Anayepiga Magoti

Muuza silaha aliniambia nisimame wima, nikasimama. Akaniambia nikae kwenye kiti kana kwamba niko ndani ya gari, nikakaa. Halafu mimi mwenyewe, bila kuambiwa, nikapiga magoti katikati ya duka lake jijini Mwanza, bastola ikiwa kiunoni chini ya blauzi, nikainamisha kichwa na kunyoosha mikono mbele kama ninavyomsalimia mtu mzima kwetu Bukoba. Mpini ukanichoma kwenye mbavu, blauzi ikapanda, na kitu chote kikawa nje. Nikamwambia nikiwa bado pale chini kwamba hii haifai.

Yeye alidhani nasali. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kitambi cha kutosha, na aliniambia baadaye kwamba ameona wateja wanaofumba macho wakishika bastola, wengine wanaojipiga picha, lakini wa kupiga magoti kabla hata ya kuuliza bei nilikuwa wa kwanza. Akaniuliza kama huko kwetu watu wanapigana wakiwa wamepiga magoti. Nikamjibu kwamba mimi sipigani na mtu. Mimi nanunua vanila.

Naishi Miembeni, katikati ya mji wa Bukoba, lakini msimu ukifika kazi yangu iko Muleba, kwenye vibanja vya watu, huko vanila inakopanda juu ya miti kati ya migomba na mibuni. Nafika nyumbani kwa mtu, nampigia magoti kama ni mzee, tunakumbatiana, tunatafuna pamoja akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, tunaulizana habari za wagonjwa na za misiba. Mizani inatoka kwenye gari mwisho kabisa. Wanaume wanaonunua vanila husimama njiani gari likinguruma, halafu wanashangaa kwa nini wazee wanawatolea makapi na mimi natolewa maganda marefu, yenye mafuta. Mimi sishangai. Mzee aliyelea mche wake na kuuchavusha ua kwa ua kwa mkono wake hawezi kumpa mazao yake mtu asiyejua kusalimia.

Kwa hiyo magoti yangu ndiyo biashara yangu, na nilikuwa naipenda biashara hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Ndiyo iliyonifanya niitwe binti katika nyumba ambamo sikuzaliwa.

Kilichonipeleka Mwanza ni mkono wa mwenzangu. Tulianza naye kazi hii pamoja. Asubuhi moja kweupe alivamiwa kwenye barabara ya vumbi akielekea kununua, wakachukua mkoba wa fedha, na kwa sababu alichelewa kuuachia wakamkata mkono wa kulia kwa panga. Mkono ule ndio aliokuwa akiupitisha juu ya maganda ya vanila na kujua kwa vidole lipi limevunwa kabla ya wakati. Nilipokwenda kumwona hospitali alinisalimia kwa mkono wa kushoto, kisha akaniomba radhi kwa kunisalimia hivyo. Nilitoka nje nikalia kwa hasira.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, si mtu wa kupayuka. Alisema mambo ni mawili tu, ama niache kazi, ama nitafute kitu cha kunilinda. Kuacha sikuweza. Nilitaka niendelee kuingia katika zile nyumba, na nilitaka nitoke nikiwa na mikono yangu yote.

Kibali cha bastola si kitu cha kupata kwa kupita tu. Nilihojiwa mtaani, nikahojiwa kwenye kata, polisi wakachukua alama za vidole, na mzee mmoja wa kamati akaniuliza kama nina ugomvi na mtu, huku akinitazama kama mwenye homa ambayo haijajulikana ni ya nini. Mwisho nilipelekwa kufundishwa kulenga shabaha na askari mstaafu. Nilipofyatua risasi ya kwanza machozi yalinitoka bila ruhusa. Baadaye alinipeleka kuitazama ile karatasi ya shabaha, na hapo ndipo niliposhikwa na mshangao ambao haujaniachia mpaka leo. Tundu lilikuwa dogo. Kidole changu cha mwisho kilipita kwa shida. Nikawaza kwamba mtu mzima, na urefu wake, na sauti yake, na watoto wanaomsubiri, anatokea hapo tu akaenda zake. Sikujua kama nicheke au niombe msamaha.

Basi ndiyo nikafika kwa yule muuza silaha mwenye kitambi. Yeye alitaka nichukue ile bastola bapa ya magazini, inayobeba risasi nyingi na kulala vizuri mwilini. Ilikuwa nzuri kuitazama. Tulikwenda kuijaribu nyuma ya duka, mahali palipojengwa kwa kazi hiyo, na baada ya kufyatua kidogo ikakwama. Akaikwamua, ikakwama tena. Akanieleza kwa upole kwamba kosa ni la kifundo cha mkono wangu, kwamba mkono ukilegea aina hii haipandishi risasi vizuri, na kwamba nikizoea nitakaza. Sikumbishia, najua alisema kweli. Nilimwambia tu kwamba mkono uliolegea ndio nitakaokuwa nao siku nitakayovamiwa, sitakuwa na mwingine.

Akacheka, akaenda kabatini, akarudi na bastola ya silinda, fupi, nene tumboni, ya mtindo wa zamani. Alisema hii haina maringo. Risasi moja ikigoma, unabonyeza tena, silinda inazunguka na nyingine inakuja. Nikaifyatua mpaka bega likauma. Kila nilipobonyeza iliitika. Niliishika ikiwa tupu kwenye kiganja na nikashangaa jinsi ilivyo nzito, kama mtoto mchanga anavyoongezeka uzito akishapitiwa na usingizi. Gari langu hukataa kuwaka wakati wa mvua. Simu hukataa, wakulima hukataa, watoto wangu hukataa kila siku ya Mungu. Sijawahi kuwa na kitu kisichojua kabisa kukataa, na niliogopa kukipenda haraka namna ile.

Likabaki suala la magoti. Kiunoni pembeni ilinichoma. Chini ya kwapa isingewezekana, kwa sababu kwetu mkishasalimiana mnakumbatiana huku na huku, na mikono ya mwenzako inapita hapo hapo. Kwenye kifundo cha mguu ingenibidi niikalie. Kwenye mkoba ni kumpelekea mwizi zawadi mbili kwa mpigo. Nikakumbuka ule mkanda mpana wa kitambaa ambao wanawake hufungwa tumboni wakishajifungua, nikamweleza. Alikuwa na kitu kinachofanana nao, cha kunyumbulika, chenye mfuko wake. Tukailaza bastola mbele, upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu, nikavaa blauzi pana juu yake. Nikapiga magoti. Nikainuka, nikapiga tena, nikainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu. Ilikaa kimya. Muuzaji alisimama kando amekunja mikono, na mimi nikajua kwamba hii ndiyo yangu.

Msimu ule nilizunguka Muleba nzima na hakuna aliyejua. Nilipiga magoti mbele ya wazee, nikatafuna kahawa zao, vikongwe wakaning'inia shingoni mwangu, na ile bastola ilikuwa katikati yetu imelala. Kuna wakati nilijisikia fahari, siwezi kuficha. Lakini kulikuwa na jambo jingine pia. Nilianza kuhesabu milango ya nyumba kabla ya kuhesabu watu waliomo. Siku moja mwanamume alitokea ghafla kwenye migomba akiwa na panga mkononi, na kabla sijafikiri chochote mkono wangu ulikuwa umeshaingia chini ya blauzi. Alikuwa mwenyeji wangu, ametoka kukata mkungu wa ebitoke wa kunipikia. Alinisalimia kwa furaha na kuniuliza kama tumbo linauma. Nikasema ndiyo, kidogo.

Mama yangu anaishi Rubafu, peke yake kwa kupenda kwake. Ni mwanamke wa kelele. Anagombana na kila anayefagia kanisa kwa sababu hakuna anayefagia pembeni, na anazijua habari za kijiji kizima kabla wenyewe hawajazijua. Magoti yake yameharibika; kukaa kwenye mkeka anaweza, kuinuka ni mpaka ashikwe mkono. Ana mazoea yake tangu nilipoolewa: nikishampigia magoti na kumsalimia, ananikamata kiuno kwa mikono miwili na kunibana, kupima kama mume ananilisha. Tangu nianze kubeba bastola nilikuwa nimemkwepa kwa ujanja, mara namshika mikono kwanza, mara nina mzigo kifuani. Lakini kuiacha nyumbani sikuweza tena. Nilikuwa nimefika mahali ambapo bila kile kitu njia ya kwenda kwa mama yangu mzazi iliniogopesha.

Siku moja alinikuta sijajiandaa. Alikuwa mlangoni, nikapiga magoti pale pale, na mikono yake ikashuka kiunoni kabla sijamaliza salamu. Ikasimama. Akabonyeza tena, taratibu, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nikaona uso wake ukisawajika.

Akaniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Mwana wange, uvimbe huu umeanza lini?"

Akaanza kulia. Mama yangu, ambaye kwenye msiba wa baba alikuwa akiwaelekeza watu waweke wapi viti, alilia akiwa amenishika tumbo, akasema alijua tangu nilipoanza kumkwepa, alijua kuna kitu nakificha. Nilitamani ardhi inimeze. Sikuwa na uongo wowote uliotosha kusimama mbele ya kilio kile. Nikamwingiza ndani, nikamkalisha kwenye kiti, nikageukia ukutani, nikatoa risasi na kuzitia mfukoni, kisha nikaja na kuilaza ile bastola juu ya meza.

Machozi yalikauka. Nilitegemea ashukuru kwamba si ugonjwa, au anitukane, na vyote viwili nilikuwa tayari kuvipokea. Hakufanya hata kimoja. Aliitazama kwa muda mrefu, bila kuigusa, mikono yake ameiweka mapajani. Nikamweleza habari za mwenzangu na mkono wake, habari za kibali, nikamweleza mpaka ule mkanda wa wazazi, kwa matumaini kwamba atacheka. Alitikisa kichwa kukubali kila kitu. Alisema nimefanya vizuri kujilinda, kwamba asingependa kunizika. Halafu akauliza, "Kinaua?"

"Kinaua, mama."

"Hata mimi?"

"Mama, jamani."

"Nimekuuliza. Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akaniambia, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika kitu, kwamba bibi yake alipata kumwona Mukama, mtawala wa Wahaya wa zamani, akipita njiani na watu wake. Alisema mtu yule hakumpigia mtu yeyote magoti, wala wazee, wala mama yake. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kukutoa roho hakukupigia magoti. Wewe ndiye uliyempigia.

Akashika mkono wa kiti, akaanza kushuka.

Mwanzoni sikuelewa anafanya nini. Nilidhani ameangusha kitu. Goti la kwanza lilipogusa mkeka nilisikia likilia, nikaruka, nikamkamata mabega na kumwambia hapana, mama, hapana, waitu, nakusihi, inuka. Nikatafuta usoni mwake utani wake ninaoufahamu, maana mama yangu anaweza kumtania hata padri. Haukuwepo. Wala hasira haikuwepo. Alikuwa ananitazama kwa heshima, heshima ya kweli, ile wanayopewa watu wasiozoeleka. Nikamwachia mabega. Goti la pili likashuka.

Akanyoosha mikono yake mbele, akainamisha kichwa chenye mvi, akanisalimia kwa salamu ile ambayo bibi yake alimfundisha, ya kumsalimia mtawala. Niliwahi kuisikia kwenye hadithi tu. Haikuwa na jina langu ndani yake, wala neno mwana.

Salamu hiyo ina jibu lake. Najua inalo, kwa sababu salamu zetu zote zina majibu, na aliyesalimia hainuki mpaka ajibiwe. Mimi sikufundishwa. Tangu utotoni nilifundishwa upande wa anayepiga magoti tu. Nilisimama juu ya mama yangu, bastola iko mezani nyuma yangu, na yeye akawa ameinama pale kwenye mkeka na magoti yake mabovu, akisubiri nimjibu.