Namba ya Breki za Trela

Breki ikishika moto hutoa harufu kali inayokwama kooni, na kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano harufu hiyo ilituandama likizo nzima. Kwetu Tetu hakukuwa na majani ya kukata tena. Ng'ombe wetu walisimama zizini wakilamba mbao za kihori kitupu, na Mama, ambaye hapo awali hakuwa ameendesha gari zaidi ya mjini Nyeri, akalazimika kuvuta trela kwa pikapu hadi mashamba ya upande wa Nanyuki kuleta nyasi kavu. Baba alikuwa kazini Uarabuni. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniangalia, kwa hiyo nilikaa mbele kando ya Mama, miguu haitulii, nikitamani tufike na papo hapo nikiuogopa mteremko wa mtoni, wa mwisho kabla ya kufika nyumbani.

Trela lilikuwa na breki zake za umeme. Chini ya usukani palifungwa kisanduku chenye namba za kuamua breki hizo zikamate kwa nguvu kiasi gani, na ubavuni mwake kijiti cha kuzibana zenyewe, bila kugusa za gari. Baba aliagiza kwa simu kwamba namba iwe tano na isiguswe. Mama alitii. Safari ya kwanza, trela likiwa limesheheni, tulipoanza kushuka kuelekea mtoni alikanyaga breki, pikapu ikapunguza mwendo, lakini trela halikupunguza. Lilitusukuma kwa vishindo hadi mkia wa gari ukaanza kwenda upande. Mama alishusha gia, akashika usukani kwa mikono yote miwili, na tuliposimama ng'ambo ya daraja moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya pikapu. Mimi nilitaka kushuka nitembee hadi nyumbani.

Safari iliyofuata, tukirudi na mzigo, alitafuta barabara tambarare karibu na Kiganjo. Aliendesha polepole, akabana kile kijiti, akasikiliza, akapandisha namba kidogo, akageuza gari na kurudia. Watu waliokuwa kando ya barabara walituangalia tukienda na kurudi, nami nikajikunja kitini kwa aibu. Hatimaye magurudumu ya trela yalikwama yakakwaruza lami. Hapo akaishusha namba kidogo tu, akaniambia sasa twende. Siku hiyo tuliteremka hadi mtoni trela likitufuata kwa adabu.

Jioni Baba alipiga simu, akauliza kama namba bado ni ile.

"Nimeibadilisha," Mama alisema. "Hiyo yako ilikuwa inatusukuma."

Baba akamwambia aliache gari mpaka yeye arudi. Mama akamjibu kwamba ng'ombe hawawezi kungoja, na kesho yake tukaondoka tena. Kwa wiki nyingi waliongea kwa ufupi.

Mvua ilikuwa imerudi Baba alipokuja nyumbani Desemba. Alishika usukani, trela likiwa tupu, akaona Mama ameiteremsha namba hadi mbili. Akairudisha tano bila kuuliza. Kwenye kona ya kwanza yenye utelezi aligusa breki, magurudumu ya trela yakakwama, nalo likateleza na kukaa mshazari, nyuma yake ikiwa imeingia kwenye shamba la chai la jirani. Injini ikazimika. Nilikuwa katikati yao, nikimtazama huyu na huyu.

"Wewe huweka ngapi?" Baba aliuliza.

"Inategemea tumebeba nini," Mama alisema, "na barabara iko aje."

Baba alishuka kwenye mvua, akazunguka upande wa pili, akamfungulia Mama mlango ili wabadilishane viti.

Pikapu ninayoendesha leo hupima yenyewe nguvu ya breki za trela, na hakuna anayetarajia nijue namba yoyote. Nimefikia umri aliokuwa nao Mama wakati ule, na bado kila asubuhi ninaondoka nyumbani moyo ukinidunda kwa mambo madogo kuliko yale. Juzi, Mama akichambua maharagwe kibarazani, nilimuuliza kama aliwahi kuogopa.

"Kila siku," alisema. "Kila tukifika pale juu ya mteremko nilikuwa nataka kugeuza gari."

Miaka yote hii nilidhani asiyetulia ndani ya gari lile nilikuwa mimi peke yangu.