Kahawa ya Dobi na Damu ya Kapteni

Miaka yote ya ndoa yake, Dobi aliamini pombe ni kama doa: ukiiwahi kwa dawa kali, inatoka. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe. Kila alfajiri mumewe alipoamka na macho mekundu, alimmwagia maji baridi kichwani, akampa kitunguu kibichi atafune, kisha akampikia kahawa chungu kama shubiri. Mume akatoka amenyooka, suruali ina mkunjo mkali wa pasi, mikono haitetemeki. Pale yadi ya mabasi madereva wenzake walimwita Kapteni. Aliyemnyoosha hakuitwa chochote zaidi ya Dobi, maana sare zao wote alizifua yeye.

Kisha kampuni ikaleta kipima ulevi. Hashiki mtu usukani kabla hajapuliza.

Asubuhi hiyo Dobi alikuwa amesimama langoni na furushi la sare. Kapteni akapuliza. Kipimo kikalia. Nesi wa kampuni akamwambia arudie. Kikalia tena.

"Mashine mbovu hiyo!" Kapteni akafoka. "Nimelala fofofo usiku kucha. Nanuka pombe mimi? Njoo uninuse!"

"Unanuka vitunguu tu, Kapteni," fundi wa matairi akadakia. "Ukiwapumulia abiria, watashuka wenyewe bila kondakta."

Yadi nzima ikaangua kicheko, na kicheko ndicho kilichomchoma. Akamnyooshea mkewe kidole.

"Mwulizeni huyu! Kanitilia kitu kwenye kahawa. Hata kazi ya kwanza niliipoteza hivi hivi. Mama alisema ni mchawi, mimi nikambishia!"

Watu wote wakamgeukia Dobi. Neno hilo Dobi alikuwa amelibeba miaka na miaka. Ukweni hakuna aliyegusa chai ya mkono wake. Sasa limemfuata mpaka kwenye riziki. Nani atampa mchawi nguo zake afue?

"Kahawa tumekunywa ya birika moja," akasema. "Nipimeni na mimi."

Nesi akabadilisha mrija. "Vuta pumzi ya ndani kabisa, mama. Usiache mpaka nikwambie."

Akapuliza hadi mbavu zikamuuma. Kipimo kikakaa kimya. Sifuri.

"Hiki kinajuaje?" Dobi akauliza, sauti imeshuka.

"Pombe haikai tumboni, mama. Inaingia kwenye damu, na damu inaizungusha mwili mzima. Ikifika kichwani, akili inalegea, macho na mikono vinachelewa. Ikifika mapafuni, kidogo chake kinatoka na pumzi. Kwa hiyo pumzi inatoa siri ya damu."

"Mbona hayumbi? Kila alfajiri nammwagia maji, anasimama sawa."

"Amezoea kunywa, anajua kujishikilia. Lakini kilichomo kwenye damu kiko pale pale. Wa kukiondoa ni ini, nalo lina mwendo wake. Umwagie maji, umlishe vitunguu, halikimbizwi. Kahawa inamwamsha mlevi, haimlevui."

Dobi akajishika chini ya mbavu za kulia, lilipo ini, taratibu, kama anayegusa mtoto aliyelala. Kumbe usiku wote ule, mume akikoroma, kulikuwa na dobi mwingine mle ndani, anasafisha damu gizani kidogo kidogo, bila sabuni, bila asante, na kabla hajamaliza mzigo wa jana anatupiwa wa leo. Mwili ukamsisimka. Damu inapita kila mahali, inaona kila kitu, na mtu mwenyewe hana habari!

"Nalo likichoka?"

"Linachoka kimya kimya. Mara nyingi likianza kulalamika, limeshaumia sana."

Kapteni, funguo za basi zimeshachukuliwa mkononi mwake, akasogea na tabasamu la kuazima. "Mke wangu, nilikuwa natania tu. Twende nyumbani ukanipikie kikombe kimoja, kichwa kinagonga."

"Kahawa yangu ina kitu, baba. Kunywa maji, ukalale." Akamgeukia nesi. "Mwanangu, kipimo hiki kinaweza kutoka nje ya lango?"

"Hapana, mama. Hairuhusiwi."

"Basi mama mkwe nitamleta hapa. Nitakunywa kahawa yangu, nipulize mbele yake, na wewe umweleze habari za damu na ini kama ulivyonieleza. Usiruke hata neno."

"Mama yangu mzee yule!" Kapteni akaruka. "Atafikaje huku?"

"Atapanda basi," Dobi akasema, akijitwisha furushi lake. "Ila si lako."